Uzoefu wangu na git bisect: nilivyoipata komiti iliyokuwa ikihamisha mauzo ya usiku

Mwenye sheli alinipigia simu Alhamisi moja jioni. "Fundi, programu yako imenifumbua macho. Hawa watoto wa zamu ya usiku wananizungushia hela."

Sheli yake iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida. Programu aliyokuwa akiisema tuliiandika mimi na mwenzangu mmoja. Sehemu ya kwanza inakaa kwenye kompyuta ya mezani pale ofisini, imejengwa kwa Electron (chombo cha kutengenezea programu za kompyuta kwa JavaScript), nayo ndiyo inayoandika kila mauzo ya pampu. Sehemu ya pili ni ukurasa wa wavuti ambao mzee huufungua kwenye simu akiwa nyumbani, akaona mita za pampu zimesoma lita ngapi kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku, na mauzo yaliyoandikwa siku hiyo ni lita ngapi.

Alichokiona ni kwamba kila Jumanne mauzo yalizidi mita, na kila Jumatano yakapungua kwa kiasi kinachokaribiana. Siku nyingine tofauti ilikuwa ndogo, ya kupuuzwa. Mtu aliyekaa kwenye biashara ya mafuta miaka mingi akiona hivyo anajua la kufikiri: hela ya siku moja inaziba shimo la siku nyingine. Dada mmoja wa zamu ya usiku alikuwa ameshakatwa shilingi 45,000 kwenye mshahara kwa ajili ya hiyo shoti.

Nilimwomba mzee anipe siku chache kabla hajamkata mtu mwingine. Naandika haya kuhusu chombo kilichonisaidia katika siku hizo, amri ya bisect iliyomo ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kwa sababu naona vijana wengi wanaitumia Git kila siku kwa kuhifadhi na kusukuma kazi tu, kama nilivyokuwa mimi kwa miaka sita, bila kujua kwamba amri hii wanayo tayari na hailipiwi chochote.

Siku tatu za mwanzo sikuitumia. Nilibahatisha. Nilishuku betri ndogo ya saa kwenye kompyuta ya ofisi, nikamtuma mtu abadilishe. Nikaishuku hoja ya SQL, yaani swali linaloulizwa kanzidata, inayojumlisha mauzo, nikaiandika upya. Nikajaza console.log (mistari ya kuchapisha kinachoendelea ndani ya programu) kila kona, nikauza mafuta ya majaribio mchana kutwa, na kila uzo liliingia kwenye tarehe yake. Hilo la mchana ndilo lililonipotosha zaidi, kwa sababu hitilafu yenyewe mchana haionekani kabisa.

Usiku wa siku ya tatu mwenzangu aliniuliza swali moja: "Tatizo hili lilikuwepo tulipokabidhi toleo la kwanza?" Nikafungua ripoti za miezi ya mwanzo. Halikuwepo. Jumanne na Jumatano zote zilikuwa sawa. Kwa hiyo mahali fulani kati ya toleo lile na la sasa tulikuwa tumeliharibu sisi wenyewe. Kati yake kulikuwa na komiti 412, yaani mara 412 tulizohifadhi mabadiliko kwenye Git.

Hapo ndipo bisect inapoingia. Unaitajia komiti moja ambayo una hakika ilikuwa nzima na nyingine unayojua ni mbovu. Inakupeleka katikati. Unajaribu, unaijibu kama hapo pazima au pabovu, nayo inatupa nusu nzima na kukupeleka katikati ya nusu iliyobaki. Fundi bomba anayetafuta mahali maji yalipozibia hufanya vivyo hivyo: hachimbi kuanzia tangini mpaka jikoni, anafungua katikati kwanza aone kama maji yamefika. Kwa komiti 412 unahitaji majaribio tisa hivi. Zingekuwa elfu moja, yangekuwa kumi. Nilipoianzisha, iliniandikia kwamba zimebaki 205 za kupima baada ya hii, hatua 8 takriban, na baada ya siku tatu za kutangatanga namba hiyo peke yake ilinituliza moyo.

Kitu kimoja kilichonifurahisha ambacho sikukitegemea: maneno ya kujibu unaweza kuyachagua mwenyewe. Kwa kawaida unajibu good au bad, lakini ukianza hivi:

git bisect start --term-old=sawa --term-new=bovu

basi kuanzia hapo unaandika git bisect sawa na git bisect bovu, na inakuelewa. Uwezo huu upo tangu Git 2.7 ya mwaka 2016. Si suala la mapambo. Saa nane za usiku, macho mazito, nimeshawahi kuchanganya maneno haya mawili ya Kiingereza kwenye kazi nyingine, na jibu moja la kimakosa linakupeleka nusu isiyo yake. Kwa Kiswahili sikukosea.

Hatua tatu za kwanza nilizifanya kwa mkono, na zilinichosha. Kila ukirudi nyuma, faili zote zinarudi zilivyokuwa siku ile, pamoja na orodha ya maktaba (vipande vya programu vya watu wengine tunavyovitumia), kwa hiyo ilinibidi kusakinisha upya, kuwasha Electron, kusogeza saa ya laptopu hadi usiku wa manane, kuuza lita mbili, kutazama tarehe. Nikaacha. Nikaandika skripti fupi badala yake. Inachukua wakati mmoja, saa 22:30 ya tarehe 1 Machi kwa saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), ambayo kwetu ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 2. Inaupitisha kwenye fanksheni yetu ya tarehe huku mazingira yamewekwa TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Fanksheni ikirudisha tarehe 2, skripti inatoka na 0, yaani sawa. Ikirudisha tarehe nyingine, inatoka na 1, yaani bovu. Kisha:

git bisect run ../jaribu.sh

Nayo ikakimbia peke yake hatua zilizobaki kwa muda usiofika dakika moja.

Mambo mawili hapa yangeniokolea muda kama ningeyajua mapema. La kwanza, skripti iweke nje ya folda ya mradi, la sivyo ukiwa umeiingiza kwenye Git leo, ukirudishwa nyuma miezi mitano haitakuwepo. La pili ni namba 125. Kuna komiti ambazo hazipimiki: faili lilikuwa na jina jingine, maktaba fulani ilikuwa haijaingizwa, msimbo ulihifadhiwa ukiwa nusu. Skripti ikitoka na 125, bisect inaelewa kwamba hapo pa kuruka, wala haihesabu kuwa ni pabovu. Kwangu zilirukwa mbili. Bila namba hiyo ningeangukia kwenye komiti isiyo na hatia, nikaanza tena kubahatisha.

Mwishoni skrini iliandika namba ndefu ya komiti, ikifuatiwa na maneno is the first bovu commit. Komiti ilikuwa yangu. Maelezo niliyoyaandika siku ile: "usafi wa fanksheni za tarehe". Nilikuwa nimeondoa mistari mitatu iliyochukua mwaka, mwezi na siku kwa getFullYear, getMonth na getDate, nikaweka mstari mmoja mzuri wa kutazama: toISOString, kisha herufi kumi za mwanzo.

Tatizo ni kwamba toISOString hutoa saa za UTC daima, popote kompyuta ilipo. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo siku ya programu yetu ilikuwa ikianza saa tisa usiku badala ya saa sita, na kila lita iliyouzwa kati ya saa sita na saa tisa iliandikwa kwenye siku iliyopita. Usiku wa kuamkia Jumatano pale sheli ni usiku wa malori yanayokwenda mnadani. Yanajaza mafuta saa saba, saa nane. Mauzo yao yote yalihamia Jumanne. Ndiyo ile zidio, na ndiyo ile shoti ya kesho yake. Siku nyingine mauzo ya saa hizo tatu yanalingana usiku hadi usiku, yanayohamia nyuma yanafidiwa na yanayoingia kutoka mbele, ndiyo maana tofauti ilijificha na miezi ikapita.

Hapa ningependa mwenzangu anayeandika JavaScript akiwa Afrika Mashariki asimame kidogo. Ukimpa Date maandishi ya tarehe tupu kama 2024-03-01, huyasoma kuwa saa sita usiku ya UTC. Ukiongeza saa, 2024-03-01T00:00, huyasoma kwa saa za hapo ulipo. Mtu wa New York akifanya kosa la kwanza analiona papo hapo, kwa sababu tarehe inarudi nyuma siku nzima mbele ya macho yake mchana kweupe. Sisi tulio mashariki ya Greenwich tunapata saa tisa usiku ya tarehe ileile, kwenye skrini inaonekana sahihi, na tunaendelea. Kosa letu liko wakati wa kuandika, na linatokea saa ambazo waandishi wengi wa programu wamelala.

Sasa, bisect ina mipaka yake, na anayeijaribu kwa mara ya kwanza aijue.

Haikuambii sababu. Inakuonyesha mlango, kuingia ni juu yako. Kama komiti yako ni mzigo wa faili 60 zilizobadilishwa wiki nzima, itakuonyesha mzigo huo, na utakuwa umesogea kidogo tu. Mimi siku hizi nahifadhi vipande vidogo, kila kimoja jambo lake, na sababu kubwa ni hii.

Pia haifai pale ambapo ubovu hauko kwenye msimbo. Mwezi uliofuata ukurasa wa wavuti wa mzee uliacha kuleta data, kivinjari kikalalamika kuhusu CORS, kanuni inayoamua kama ukurasa wa tovuti moja unaweza kusoma data ya seva nyingine. Nikakimbilia bisect kwa mazoea, na hata toleo la kwanza kabisa likagoma. Hilo lenyewe lilikuwa jibu: kama la zamani nalo ni bovu leo wakati lilikuwa zima jana, kilichobadilika kiko nje. Kwenye paneli ya mtandao ya zana za kivinjari nilikuta seva inatoa jibu la kosa 502, na jibu hilo la kosa halikuwa na kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) kinachoruhusu tovuti nyingine kulisoma. Kivinjari kilikuwa kinalalamikia CORS, kumbe seva ilikuwa imeanguka.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni hitilafu zinazokuja na kuondoka. Tuliwahi kupata ujumbe wa SQLite, kanzidata tunayoitumia, kwamba kanzidata imefungwa, pale madirisha mawili yalipoandika kwa wakati mmoja. Ilitokea mara moja katika majaribio kumi hivi. Ukijaribu mara moja, ikapita, ukajibu sawa, umeshapotea bila kujua. Skripti yangu ya kazi hiyo ilirudia jaribio mara 50 kila hatua, na ikikwama hata mara moja ilitoka na 1. Na kwa lolote linalogusa kanzidata, fanya kazi juu ya nakala, usije ukafungua data ya mteja kwa toleo la zamani lisilojua safu mpya.

Nikipewa nyota tano za kugawa, naipa bisect nne na nusu. Nusu naishikilia kwa ajili ya kazi ya kusakinisha maktaba upya kila hatua kwenye miradi ya Electron, ambayo inachosha kwelikweli usipotenga kipande kidogo cha kupima. Anayefanya kazi peke yake au wawili, akiwa na wateja wanaopiga simu moja kwa moja, naona itamfaa kuliko hata waliomo kwenye timu kubwa, maana hana mtu wa majaribio wa kumsaidia kukumbuka lini kitu kiliharibika.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua asubuhi moja. Kwenye kompyuta ya ofisi tulirudisha mistari mitatu ya zamani. Kwenye seva isingetosha, kwa sababu seva yetu inakwenda kwa UTC, kwa hiyo kule tukataja eneo la saa waziwazi. Ripoti za nyuma zilipona kwa sababu tangu mwanzo tulihifadhi pia wakati kamili wa kila uzo. Tukaijaza upya safu ya tarehe kwa date(muda, '+3 hours'), na kwa kuwa Tanzania haibadilishi saa kwa majira, saa tatu hizo ni zilezile mwaka mzima.

Mchana nilimpigia mzee afungue ukurasa. Alikaa kimya akipandisha na kushusha, Jumatano moja baada ya nyingine, mita na mauzo vikiwa vimekaa pamoja. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamweleza habari ya malori ya mnada na saa tisa usiku, na kwamba komiti ilikuwa yangu. "Basi huyu binti sikumtendea haki," alisema. Jioni ile alikwenda sheli mwenyewe, akamrudishia 45,000 yake mbele ya zamu nzima.