Miezi minne na karata inayogeuka: tamu, ila usimpe mtu aishike

Jamani nimekaa nayo hii karata miezi minne sasa, ile unaishika ni saba ya kopa, unaitikisa mara moja tu mbele ya macho ya mtu imeshakuwa mfalme wa shupaza, bila kuifunika na mkono wa pili. Nimefanya nayo mazingaombwe kwenye harusi, sendofu, bafdei za watoto na mara mbili kijiweni kwetu hapa Dar, kwa hiyo naongelea kitu nilichokitumia kazini sio nilichokiona kwenye video ya muuzaji.

Kwa ambao hawajawahi kuishika, ni karata ya Bicycle, zile za Marekani zinazochapishwa tangu 1885, mgongo mwekundu wenye malaika juu ya baiskeli. Karata nzuri sio karatasi moja, ni mbili zimegandishwa na gundi nyeusi katikati ili mwanga usipite, sasa mafundi wanazibandua hizo mbili wanaziunga upya, nusu ya juu inakuwa kama kijimlango chenye bawaba na ndani unapita uzi mwembamba wa lastiki. Kidole gumba kinauzuia mlango, ukiachia tu unajifunga na sura imebadilika. Siri siifichi hapa maana anayetafuta maelezo ya karata kama hii ni mtu wa kazi.

Mzigo ulipofika kitu cha kwanza niliiweka mbele ya tochi ya simu, na pale kwenye bawaba mwanga ulipenya mstari mwembamba kama unywele. Sio kasoro ya kuirudisha, ila imenifundisha kutosimama dirisha likiwa nyuma yangu. Kilichoniuma ni mgongo, wekundu wake umepauka kuliko seti yangu mpya, ukiziweka pamoja mezani hata mtoto anaona, na muuzaji alisema inafanana na seti yoyote ya Bicycle, hapana, hilo aliseme vizuri maana mtu anatoa hela yake. Ilibidi nitoe seti yangu ya zamani iliyochakaa kidogo ndio zikaendana.

Halafu kuna sauti. Mlango ukijifunga unalia tap, kidogo lakini unasikika. Ukumbini spika zinapiga hakuna anayejua, ila sebuleni watu sita wamenyamaza wanakukodolea macho wataisikia, mimi pale naanza kuongea nusu sekunde kabla ya kuachia kidole.

Sasa hili la unyevu ndilo nataka wenzangu wa pwani mlisome vizuri. Masika karata zote zinapinda, tunajua, karata ya kawaida ikipinda unaikunja upande wa pili imenyooka. Hii ukiikunja unaua bawaba. Kwenye sendofu moja Aprili nimeachia kidole mlango ukaishia nusu, juu mfalme chini saba, bibi harusi mwenyewe ndiye yuko mbele yangu, na ile ilikuwa zawadi niliyomwandalia wiki nzima. Iliniuma sana. Toka siku hiyo inalala kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, katikati ya vipande viwili vya plastiki, na haijarudia tena. Na muhimu kuliko vyote, usiihifadhi lastiki ikiwa imevutika, acha mlango upumzike umefungwa. Yangu mwezi wa kwanza tangu niipate nilikuwa naiacha tayari tayari mfukoni ili niwahi, lastiki ikalegea.

Ila mtihani wenyewe sio karata, ni watu wetu. Video wanazotuonyesha watazamaji wamekaa mbali wanapiga makofi, kwetu mtu akishangaa tu mkono wake ushafika kwenye karata. Kijiweni nilimwonyesha mzee mmoja anayecheza karata kila jioni, sikujua kuibadilisha haraka na karata ya kawaida, akainyakua, hakuigeuza hata kuiangalia, akaipapasa na gumba na kidole cha shahada akasema, "Mjukuu wangu, hii nzito." Basi. Miaka yote ile vidole vyake vimeshika karata, unene wa tabaka moja la ziada anaujua gizani. Nikamwambia kweli mzee, ina kitu, akanirudishia taratibu bila kumwambia mtu mwingine, nikamheshimu sana.

Kwa hiyo kama hujui bado kuibadilisha kinyemela na mfalme wa shupaza wa kweli, yaani ile ya mtego inaingia mfukoni na ya kawaida inabaki mkononi ndio unampa mtu aikague, hii usinunue sasa. Anza na Invisible Deck, ile seti nzima ya karata za mazingaombwe, mtu anataja karata yoyote, unafungua seti na hiyo peke yake imegeuka, mikono haihitaji kasi yoyote na utajifunza kuongea na watu, ambako ndiko kazi ilipo. Ukishaweza kubadilisha njoo kwenye hii, maana lile jicho la mtu pale karata ya saba inapopotea sentimita 30 kutoka puani kwake, seti nzima ya karata haikupi.

Mimi 45,000 pamoja na usafirishaji siijutii. Nimeshaagiza ya pili, mgongo wa bluu, safari hii nimemwomba muuzaji anipigie picha ikiwa juu ya seti mpya kabla sijalipa.