Boyhood: dakika 165 za kumtazama mtoto akikua

Sifa ambayo filamu ya Boyhood ya mwongozaji Richard Linklater hupewa kila mara ni ile miaka 12: waigizaji walewale walipigwa picha kuanzia 2002 hadi 2013, siku chache kila mwaka, huko Texas. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa. Ila mimi naipenda zaidi kwa jinsi ilivyohaririwa.

Hakuna maandishi ya mwaka kwenye kioo, wala giza la kutenganisha sehemu. Tukio moja linaisha, linalofuata Mason, mvulana tunayemfuata, ana nywele nyingine na sauti imeanza kuwa nzito. Hesabu ya miaka unaipiga mwenyewe. Fuata nywele kwanza (Bill, mume wa pili wa mama, anapomlazimisha mtoto kunyoa, inauma kwa sababu ulishazizoea), halafu vifaa vya michezo ya video mikononi mwa watoto, halafu nyimbo. Ukiona mabango ya Obama uani, ni 2008. Mhariri Sandra Adair anaruka mwaka mzima bila kukushtua, na hilo liliwezekana kwa sababu Linklater alibaki na ukanda wa milimita 35 tangu mwanzo hadi mwisho. Kama angehamia kamera ya dijitali katikati, rangi na chembe za picha zingebadilika, na kila mshono ungeonekana.

Jina linamtaja mvulana, lakini anayeibeba filamu ni mama. Patricia Arquette anamcheza mwanamke anayerudi chuo, anakuwa mwalimu, anahama na watoto tena na tena na kuolewa na wanaume wasiofaa. Siku Mason anafunga mizigo kwenda chuo, mama analia kwa hasira: hatua zote za maisha zimeshapita, naye alidhani bado kuna kitu mbele. Oscar aliyopewa mwaka 2015 ilikuwa haki yake.

Kwa upande wa baba, Ethan Hawke, tazama suala la gari. Anaiuza GTO yake, na Mason anamkumbusha kwamba aliahidiwa angepewa akifikisha miaka 16. Baba hakumbuki kabisa. Hakuna anayepiga kelele, na bado ndilo tukio ninaloliona la kweli kuliko yote kuhusu mzazi na mtoto.

Kasoro zipo. Ulevi wa Bill umeandikwa kwa wino mzito mno, hadi kurusha glasi mezani, kana kwamba umechomekwa kutoka filamu nyingine. Samantha, dada wa Mason, anang'aa sana mwanzoni kisha anasahaulika. Yule fundi wa mabomba anayerudi baada ya miaka kumshukuru mama mgahawani kwa ushauri wake amepangwa vizuri kupita kiasi, katika filamu inayokataa mpangilio wa aina hiyo. Na theluthi ya mwisho Mason anahubiri falsafa mno. Hapo ndipo mwendo unapolegea.

Itazame kwa mkao mmoja ukiweza. Ukilazimika kuikata, kata pale mama anapowatoa watoto nyumbani kwa Bill, maana baada ya hapo maisha yanaanza upya na hutapoteza uzi. Marekani iliwekwa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 aende na mzazi au mlezi) kwa lugha, mazungumzo ya ngono, pombe na bangi za vijana, kwa hiyo mtoto wa umri wa Mason wa mwanzoni asiitazame peke yake.