Mkate bila maziwa ya unga: ninunue nini hapa Dodoma?

Mwanangu wa pili hagusi maziwa. Si deko. Akionja tu, midomo inavimba na shingo inatoka vipele, na daktari alishatuambia ni mzio wa protini ya maziwa. Mkate wa dukani siuamini, maana mwingi unauzwa bila orodha ya vilivyomo, kwa hiyo naoka mwenyewe. Shida ni kwamba kipimo nilichorithi kwa mama kina vijiko vitatu vikubwa vya maziwa ya unga kwa kila nusu kilo ya ngano. Nilipoyaondoa bila kuweka kitu kingine, mkate ulitoka mweupe kama uso wa mtu aliyeamka na malaria, na kesho yake asubuhi haukufaa ila kuchovya kwenye chai.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachouzwa mjini hapa, na mpangilio ufuatao ni wangu. Lakini kabla hujafungua pochi, jiulize kama una haja ya kununua chochote.

Wapo wenye mzio, kama mwanangu, ambao hata chembe ni hatari. Na wapo ambao tumbo tu ndilo linalojaa gesi wakinywa maziwa, kwa sababu mwili wao hauivunji vizuri laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hawa wa pili ni wengi sana kati yetu watu wazima, na kwao hesabu ni tofauti. Vijiko vile vitatu ni kama gramu 22 za maziwa ya unga, ambazo zina gramu 8 hivi za laktosi. Ukikata mkate vipande 12, kila kipande hakifikishi hata gramu moja, na wengi wenye shida hii huvumilia hadi gramu 12 kwa mkupuo bila kusumbuka sana. Kama wewe ni wa kundi hili, huenda mkate haukuwahi kuwa adui yako. Punguza chai ya maziwa kwanza.

Kwa mwenye mzio, au anayefunga, au asiyekula vya mnyama, tuendelee.

Maziwa ya unga kwenye donge yana kazi kadhaa. Protini yake na laktosi ndizo zinazoupa mkate rangi ya kahawia. Laktosi hailiwi na hamira, kwa hiyo inabaki hadi mwisho na kuungua vizuri kwenye oveni. Mafuta yake yanalainisha. Vyote kwa pamoja vinasaidia mkate usikauke upesi, na hapa Dodoma kazi hii ndiyo inayonihusu zaidi kuliko rangi. Hewa yetu kavu haina huruma. Kipande ukikiacha mezani saa moja mwezi wa nane, kinakuwa kibao. Kwa hiyo ninapopanga kipi bora, swali langu la kwanza ni hili: siku ya pili kitakuwaje?

Namba moja kwangu ni unga wa soya pamoja na mafuta ya alizeti. Soya ina protini asilimia 36 hivi na mafuta kama asilimia 20, kwa hiyo ndiyo mbegu inayoyakaribia zaidi maziwa ya unga, tena ina lisini nyingi, ile sehemu ya protini ambayo ngano inayo kidogo na ambayo inasaidia sana mkate kupata rangi. Kipimo changu ni vijiko vinne vikubwa, kama gramu 25, kwa nusu kilo ya ngano. Piga hesabu: kilo moja ya soya inakupa mikate 40. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinachosogea huko kwa unafuu.

Ila kununua soya kuna mtego. Ukiulizia unga wa soya Majengo au Sabasaba, mara nyingi utapewa unga wa lishe, ambao umechanganywa mahindi, karanga, ulezi, na wengine hutia hata maziwa ya unga humohumo. Ule wa uji hauna ubaya kwa wasio na mzio, lakini kwako hapana. Nunua soya nzima, punje za rangi ya maziwa zisizo na madoa. Chemsha dakika 15, fikicha maganda, anika hadi ikauke kabisa (jua la Dodoma siku mbili linatosha na kubaki), kisha kaanga kwa moto mdogo mpaka harufu igeuke kutoka ya maharage mabichi kuwa ya njugu. Hapo ndipo upeleke mashineni. Usiruke kuchemsha na kukaanga; soya mbichi inaleta ladha ya majani na inasumbua tumbo. Mwambie kijana wa mashine atupe zile konzi mbili za kwanza, maana zinabeba mabaki ya aliyekutangulia.

Kwenye donge, ongeza maji kama vijiko viwili vikubwa zaidi ya kawaida, kwa kuwa soya inakunywa. Ongeza pia kijiko kimoja kikubwa cha sukari kufidia laktosi, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti. Mafuta yenyewe hayakupi shida kuyapata: Singida na Dodoma ndiyo nyumbani kwa alizeti. Mimi huchukua yaliyokamuliwa na kuchujwa vizuri, yasiyo na tope chini ya dumu. Yale mazito yenye harufu kali ni matamu kwenye mlenda, kwenye mkate yanatawala.

Onyo moja tu kuhusu soya: baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hupata mzio wa soya pia. Muulize daktari kabla hujasaga kilo tano.

Namba mbili ni kiazi mviringo. Najua hakifanani na maziwa hata kidogo, lakini kwa lile swali langu la siku ya pili, kiazi kinashindana na soya, na kuna juma ambalo ningekiweka juu. Wanga wa kiazi ukishaiva hushika maji na hauyaachii upesi. Chukua kiazi kimoja cha wastani, gramu 150 hivi, chemsha bila chumvi, ponda ndani ya maji yake hadi iwe kama uji, acha kipoe kabisa (ukimwagia hamira uji wa moto umeiua), kisha kandia donge kwa uji huo badala ya maji. Utaona donge linanata kuliko ulivyozoea. Usikimbilie kuongeza unga. Paka mikono mafuta ukande hivyohivyo. Hapa linaumuka upesi pia, sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na viazi vinaichangamsha hamira, kwa hiyo liangalie kabla ya saa moja kuisha.

Kinachokiangusha kiazi ni rangi. Mkate unabaki umepauka kidogo. Dawa yake ni kupaka juu maji yaliyokorogwa sukari na matone ya mafuta dakika kumi kabla ya kutoa. Kama umepita Gairo ukabeba viazi vitamu pale barabarani, hivyo vinamaliza tatizo la rangi vyenyewe kwa sababu ya sukari yake, ila mkate utakuwa na utamu ambao mume wangu anauita keki isiyo na sherehe.

Tui la nazi nimelipa nafasi ya tatu, na najua watu wa Pwani watanikasirikia. Kwa ladha ndilo la kwanza, sibishani. Lakini tui ni mafuta zaidi kuliko protini, kwa hiyo linalainisha vizuri lakini linaupa mkate rangi kidogo tu. Halafu kuna nazi zenyewe. Zinasafiri kutoka Tanga na Pwani, zikifika hapa bei imepanda na baadhi zimeshaanza kuchacha ndani. Itikise sikioni, isiyolia maji iache. Kama una ndugu anapanda SGR kutoka Dar, mwagize nne, utashukuru. Nusu nazi inatosha mkate mmoja: kuna, kamua kwa maji ya uvuguvugu, tumia tui zito na jepesi kwa pamoja, na usiweke mafuta mengine.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Tui la unga la pakiti si lazima liwe halina maziwa. Mengi hutiwa kaseini, protini ya maziwa yenyewe, ili likorogeke vizuri. Mimi nilinunua pakiti yenye picha ya nazi kubwa na mnazi, nikaoka kwa furaha, na jioni ile nilikuwa kituo cha afya na mtoto aliyevimba macho. Niliporudi nikageuza pakiti: sodium caseinate, kwa herufi za ukubwa wa chawa. Maneno ya kutafuta ni milk, casein, caseinate, whey na lactose. Ukiona lolote kati ya hayo, rudisha rafuni. Na usidanganywe na neno non-dairy kwenye zile poda za kutia kwenye kahawa. Nyingi zina kaseini hiyohiyo. Siagi ya mimea nayo igeuze nyuma, kwani baadhi ina whey.

Karanga ni za hapahapa, na maziwa yake ni rahisi: gramu 60 zilizolowekwa usiku kucha, blenda, chujio, basi. Mkate unapata harufu nzuri na ulaini wa kuridhisha. Kwa nini basi ziwe za nne? Kwanza, aliyeshikwa na mzio mmoja sipendi kumjaribia na karanga, ambazo zina mzio wake mkali. Pili, sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga zinashambuliwa na kuvu hiyohiyo. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kwa joto la oveni. Nunua zilizo na maganda yake ubangue mwenyewe, tupa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu. Za kufungwa tayari kwenye vimfuko, zilizopondekapondeka, ziache hata kama ni nusu bei.

Mwisho kabisa ni maziwa ya boksi ya lozi, shayiri na jamaa zake, yanayopatikana kwenye maduka makubwa ya mjini. Yasome: sehemu kubwa ni maji. Nusu kilo ya ngano inataka mililita 300, kwa hiyo boksi la lita moja linaisha kwenye mikate mitatu, na mkate wenyewe hautofautiani sana na wa maji, sukari na mafuta ya alizeti. Nikiwa nimebakiwa na kikombe ambacho mtoto hakumaliza, namimina kwenye donge. Kulinunua kwa ajili ya mkate, sitalinunua tena.