Baiskeli kando ya maji: Danube au Canal du Midi?
Kama ni safari yako ya kwanza ya masafa, nenda mto Danube. Kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, ni kilomita 320 hivi, sehemu kubwa lami, na ng'ambo unavuka kwa kivuko.

Canal du Midi, mfereji wa Ufaransa, ni kilomita 240 tu, Toulouse hadi Sète, lakini usidanganyike. Lami huishia njiani. Mbele ni udongo, mvua ikinyesha ni matope, na mizizi ya miti ya kingoni imeinua njia hadi tandiko linakurusha. Chukua tairi pana. Ila ukifika Béziers, shuka utazame mashua zikiteremka malango ya maji ya Fonserannes (vyumba vya maji vinavyoshusha mashua), ngazi kwa ngazi, maji yakichemka povu. Mfereji wa 1681, bado unafanya kazi! Mimi ningeurudia huu.