Mwaka mmoja na Kolibri katika darasa la watoto 64

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi wilayani Longido, mkoa wa Arusha. Watoto 64, mwalimu mmoja, ubao mmoja. Wengi nyumbani wanaongea Kimaasai, Kiswahili wamekutana nacho shuleni. Wapo wanaosoma bila kukwama na wapo ambao "mwa" na "nya" bado zinawashinda. Yupo binti mwenye uoni hafifu. Yupo mvulana asiyesikia kwa sikio la kushoto. Kwa miaka mingi nilikuwa nafundisha wale wa katikati tu. Wepesi wanachoka kunisubiri, wazito wananyamaza, na kengele ikilia najua kabisa kuna watoto wametoka mikono mitupu. Hali hiyo iliniuma, ndiyo maana nilipoelezwa habari za Kolibri sikusita.

Kolibri ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani, na imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta mpakato, unapakua masomo ukiwa mjini penye mtandao, au mwenzako anakugawia kwa flashi, basi. Darasani vishikwambi vinaungana na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi, mtoto anafungua somo kwenye kivinjari, na bando halitumiki hata kidogo. Inaongea Kiswahili. Humo nimepata mazoezi ya hesabu ya Khan Academy, katuni za Ubongo Kids za hapahapa kwetu Tanzania, na hadithi za African Storybook.

Vifaa vyangu ni vya kuungaunga. Kompyuta ya mtumba, kishikwambi changu kati ya vile vya Sensa ya 2022 ambavyo serikali iligawa kwa walimu, viwili vya wenzangu wanaoniachia wakiwa na vipindi vingine, na vitatu tulivyochangiwa. Kwanza nilitumia hotspoti ya simu, ikawa inazidiwa. Nikanunua ruta dukani mjini. Ilikufa ndani ya wiki moja, na muuzaji akakataa kabisa kuibadilisha. Nilirudi na nauli yangu imeteketea bure. Ukinunua, ijaribu palepale dukani na udai risiti.

Sasa niseme kilichonifanya nisiiache. Ndani ya Kolibri mwalimu anagawa darasa katika makundi, na kila kundi analipangia somo lake. Kundi moja linasoma hadithi yenye sentensi moja kwa kila ukurasa, lingine linasoma aya nzima, na hakuna mtoto anayesimamishwa mbele ya wenzake ili waone hajui. Wakati kundi moja lina vishikwambi, mengine mawili yana kazi ya daftari, halafu wanabadilishana. Mimi nakaa chini na watoto watano wanaonihitaji siku hiyo. Zamani nafasi hiyo sikuwa nayo.

Jambo la pili ni taarifa anazopata mwalimu. Unaona nani amekwama, swali lipi, na majibu yote aliyojaribu. Yule mvulana wa sikio nilimhesabu kuwa mzito wa hesabu. Jioni moja nikafungua majibu yake: 52 kutoa 27, akaandika 35. Swali lililofuata, 61 kutoa 38, akaandika 37. Yote yalikuwa hivyo hivyo, anatoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Mtoto alikuwa na kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu! Kutoa kwa kuchukua nilifundisha nikiwa nimeelekea ubaoni, na yeye alikuwa ameketi upande wa kulia wa darasa, sikio bovu likiwa ndilo linalonielekea. Nilimhamishia upande wa pili, nikamfundisha upya kwa vijiti vya kuhesabia, tukiangaliana uso kwa uso. Ilichukua siku mbili. Bila orodha ile ya majibu ningeendelea kumwita mzito mpaka amalize shule ya msingi.

Kwa binti mwenye uoni hafifu sikuhitaji kitu cha ziada. Nilikuza maandishi kwenye kivinjari mpaka yakabaki maneno manne matano kwa mstari. Alikuwa amezoea kunakili daftari la jirani, pua ikigusa karatasi. Siku ile alisogeza kidole chini ya neno, akalitamka, akasogeza tena. Alipomaliza ukurasa aliniangalia, akauliza, "Mwalimu, naweza kuurudia?" Aliurudia mara tatu.

Kwa wale wa Kimaasai, African Storybook ina hadithi kwa lugha nyingi za Afrika, Kimaasai kikiwemo. Nilitafuta hadithi iliyopo kwa Kimaasai na Kiswahili, nikawapa kwa Kimaasai kwanza. Mimi ni Mpare, Kimaasai changu ni cha sokoni, kwa hiyo waliposikia ninavyosoma walinisahihisha. Mtoto mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu Januari ndiye aliyenifundisha kutamka. Tulipofika kwenye nakala ya Kiswahili tayari anaijua hadithi, na maneno yalikuwa yanamjia.

Ushauri wangu kwa mwalimu anayetaka kuanza: ingia na kundi moja na somo moja kwa mwezi mzima. Chaji vifaa usiku, kwa sababu sola ya shule siku za mawingu haitoshi. Pitia kila video kabla ya kuwapa watoto. Nyingine zinakwenda haraka kuliko Kiswahili chao. Sauti zifungulie kwa kundi moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo darasa linageuka gulio. Na kama una mtoto kiziwi kabisa, mtafutie mwalimu wa lugha ya alama. Picha na mazoezi vitamfaa, lakini pengo hilo kishikwambi hakilizibi.

Mwakani napanda nao darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa. Yule binti ameshaniambia hadithi za maneno machache zimemwisha, anataka ndefu. Jumamosi hii nakwenda Namanga kuzipakua.