Geji ya joto ya VDO, milimita 52, kwenye lori la volti 24

Geji inayokuja na gari haimwambii dereva mengi. Kwenye magari mengi mshale hupanda hadi katikati na kutulia hapo, maji yawe nyuzi 80 au yakaribie 100, kwa kuwa kiwandani umepangwa hivyo. Utakapoondoka katikati, huenda gasketi ya hedi imeshaanza kuungua. Kwa Fuso au Isuzu inayopanda mlima Kitonga wa Iringa ikiwa na mzigo, geji ya pili yenye namba si pambo.

VDO ya Ujerumani inafaa kazi hii. Uso wake unaanzia nyuzi 40 hadi 120, unasomeka hata barabara ikiwa mbovu, na mshale haurukiruki. Kuna ya volti 12 na ya volti 24, kwa hiyo soma nyuma ya geji kabla ya kulipa. Fundi akikwambia ya 12 itafaa, "tutachukua umeme kwenye betri moja", mkatalie: betri hiyo itakuwa inapungua kuliko mwenzake, na mwishowe utanunua zote mbili.

Mara nyingi geji huuzwa peke yake, sensa (kihisi kinachopima joto la maji) ukanunue kando, na hapo ndipo watu wengi huharibu. Sensa ya VDO ya nyuzi 120 hupunguza ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, kadiri joto linavyopanda: takriban omu 287 kwenye nyuzi 40, omu 69 kwenye 80, omu 38 kwenye 100 na omu 23 kwenye 120. Ukipewa sensa ya nyuzi 150, ile ya oili, itafungika vizuri na mshale utasogea, ila geji itasoma chini ya joto halisi. Huo ni uongo mbaya kuliko geji iliyokufa. Sensa ya kampuni nyingine nayo usiiamini kwa umbo tu. Ipime kwanza: itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka, multimita ikiwa kwenye omu. Dar es Salaam utegemee omu 38 au 39. Iringa mjini maji huchemka karibu nyuzi 95, hivyo omu 44 hivi ni sawa.

Jambo la pili ni meno ya sensa. Nyingi zina meno ya NPT (kipimo cha Kimarekani) ya inchi 1/8, yaani meno 27 kwa inchi. Matundu ya injini za Kijapani mara nyingi ni BSPT (kipimo cha Kiingereza) ya inchi 1/8, meno 28. Yanakaribiana kiasi kwamba sensa huingia mizunguko miwili mitatu ikakaza, fundi akaongeza nguvu, na hapo meno ya alumini yakaisha. Tafuta adapta ya shaba inayobadilisha meno, au nunua sensa yenye meno ya injini yako.

Mahali pazuri pa sensa ni kwenye plagi ya maji iliyo upande wa injini, kabla ya themostati, ile vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta. Ukiiweka kwenye mpira wa juu wa rejeta kwa adapta ya alumini, kazi ni rahisi zaidi: unakata mpira, unaingiza adapta, unafunga klempu mbili. Lakini themostati ikigoma kufunguka, maji ya moto hayatafika kwenye sensa na geji itaendelea kuonyesha baridi huku injini inachemka. Adapta hiyo pia imekaa katikati ya mpira, haina ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari. Ifungie waya wake hadi kwenye bloku ya injini, la sivyo mshale hautapanda kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo usiizungushie sensa tepu nyingi ya teflon. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia meno yake. Tone la gundi ya meno linatosha.

Waya zenyewe si kazi kubwa. Chanya ichukue kwenye swichi ya kuwashia, ipitishe kwenye fyuzi ya ampea 3. Hasi iende kwenye ethi safi, chuma kikwanguliwe rangi. Alama ya G ni ya waya wa sensa, na taa ina waya wake. Kabla ya kufunika dashibodi, washa swichi, chomoa waya wa sensa na uguse bodi: mshale uende mwisho wa juu, ukiachia urudi chini. Ikiwa mshale unacheza unapowasha taa kubwa, ethi ya geji ni mbovu. Sensa haina kosa.

Kasoro ya geji hii ni kwamba haina kengele. Dereva wa usiku haangalii saa zote, kwa hiyo ongeza pesa kidogo upate sensa yenye alama mbili, G na WK. Hiyo WK ni swichi ya onyo, ifungie taa nyekundu au baza. Chagua ile ambayo nyuzi zake za kuwaka zinafaa injini yako, maana zinatofautiana.

Na mpira ukipasuka maji yakaisha? Sensa ikibaki kwenye hewa, haisomi kitu cha maana, na mshale unaweza hata kushuka. Kwa hilo VDO haisaidii. Kifaa cha kupima chuma chenyewe, kama Engine Watchdog ya Australia, ambacho sensa yake hufungwa chini ya bolti ya injini, kinaziba pengo hilo.

Ukishafunga, badilisha pia kifuniko cha rejeta kama springi yake imelegea. Kifuniko kizima cha bar 0.9 huyafanya maji ya kawaida yasichemke hadi karibu nyuzi 118 yakiwa pwani. Kilicholegea huyaacha yachemke mapema, na huko Iringa yataanza kutoka mshale ukiwa bado kwenye 95.