Jumamosi za Magamba: nawashukuru walezi hawa, ila dada wanahitajika

Binti yangu ana miaka 14. Tangu Juni, kila Jumamosi anaongozana na walezi wa kujitolea wa hapa Lushoto kwenda msitu wa Magamba. Hawatozi ada. Ninachompa ni kiporo cha makande na sweta, maana baridi ya kule haina mchezo.

Kiongozi wao ni bwana miti mstaafu. Hawahubirii watoto. Anawakalisha chini ya mti wa mkulo, wananyamaza dakika kumi, kisha kila mmoja anasema alichosikia. Siku ya kwanza binti yangu alisikia mbega. Wiki ya tatu akamweleza mlezi wa kike, mwalimu wa chekechea, kwamba hesabu zinamshinda na anaona haya kuuliza darasani. Mimi mama yake sikulijua hilo! Sasa wanakokotoa pamoja njiani, wakihesabu hatua.

Mara mbili walirudi giza limeshaingia, na kule juu simu hazishiki. Nilipowaambia hawakununa, siku hizi saa tisa kamili wanageuza. Lakini mlezi wa kike mmoja kwa wasichana tisa hatoshi, jamani. Wiki ijayo naungana naye.